Wingu limerudi, na deni langu nalo

Mpenzi msomaji, naomba radhi mapema. Umezoea kunikuta katika safu hii nikikuandalia mambo ya nyumbani: karo, wapangaji na wenye ploti, wasichana wa kazi na waajiri wao. Leo nimeamua kuandika juu ya mchezo. Si kandanda wala bao. Ni mchezo wa kompyuta, ule ambao wazazi tukiusikia ukilia chumbani tunakunja nyuso na kuuliza kama kazi ya mwalimu imekwisha. Nivumilie. Hata mimi ni mzazi wa kukunja uso, lakini huu ulinishika nikiwa msichana wa chuo na hadi leo haujaniachilia.

Tuanzie Mei mwaka 2024. Utaukumbuka mwezi huo. Mafuriko yalikuwa yameikumba Nairobi, shule zilizotarajiwa kufunguliwa mwishoni mwa Aprili zikaahirishwa, na watoto wetu wakakaa nyumbani wakisikiliza mvua ikipiga mabati hadi Jumatatu tarehe 13 Mei ndipo kengele zikalia. Kina mama wa ploti yetu hapa Gatina tulipumua. Nilimpeleka binti yangu shuleni tukiruka madimbwi, jiwe kwa jiwe, nikarudi nyumbani nikasafisha meza. Kisha nikaanza kuhesabu saa. Siku iliyofuata, Jumanne tarehe 14, ndiyo siku iliyotangazwa kwamba mchezo uitwao Braid utatolewa upya, ukiwa umechorwa na kusafishwa kuanzia utosini hadi unyayoni.

Jirani yangu aliingia jioni hiyo kuomba chumvi akanikuta nimesimama mbele ya kompyuta, mikono mashavuni.

"Mama Nanii, kuna aliyefariki?" akauliza kwa sauti ya chini.

"La," nikamjibu, "kuna aliyefufuka."

Alichukua chumvi yake akaenda zake. Nadhani alinihurumia.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ngoja nimweleze, na anayeujua asikasirike nikiruka mengine. Braid ulitolewa mara ya kwanza tarehe 6 Agosti 2008 kwa mtambo wa Xbox 360, na nakala ya kompyuta ikafuata mwaka 2009. Mtunzi wake ni Mmarekani, Jonathan Blow. Michoro ni ya David Hellman, mchoraji wa vibonzo. Siku hizo michezo mikubwa ilitungwa, kama inavyotungwa hadi leo, na majeshi ya wafanyakazi chini ya kampuni zenye majumba ya vioo. Blow alitumia takriban miaka mitatu na fedha za mfukoni mwake, karibu dola 200,000, nyingi zikienda kwa mchoraji na kwa chakula na kodi yake mwenyewe. Watunzi wa namna hiyo huitwa watunzi wa kujitegemea. Blow hakuwa wa kwanza. Kule Japani, Daisuke Amaya alikaa miaka mitano akitunga peke yake mchezo wa Cave Story, akautoa mwaka 2004 bila kumtoza mtu hata senti. Lakini Braid ni miongoni mwa ile iliyowashtua wenye maduka, wakatambua kwamba mtu mwenye wazo moja zuri na mchoraji mmoja hodari anaweza kuuza bidhaa yake kando ya vigogo, na wanunuzi wakapiga foleni.

Hadithi yenyewe utadhani umeisikia. Kijana mfupi aitwaye Tim, kavaa suti na tai, anamtafuta binti mfalme aliyetekwa na dubwana. Anakimbia, anaruka, anawakanyaga maadui vichwani. Ni Mario yule yule wa Nintendo, utasema, ila huyu ameenda kwa fundi cherehani. Tofauti imo katika kitufe kimoja. Ukikosea, ukaanguka shimoni au juu ya miiba, hufi. Unabonyeza Shift na wakati unarudi nyuma. Tim anapaa kutoka shimoni kinyumenyume, maadui waliokufa wanafufuka, hata muziki unacheza kutoka mwisho kwenda mwanzo. Unarudi hadi pale ulipokuwa na akili timamu, unaanza tena.

Hapo utasema basi mchezo ni mwepesi. Thubutu! Kila ulimwengu ndani yake una sheria yake ya wakati. Katika mmoja, vitu vinavyong'aa kwa rangi ya kijani havitii amri ya kurudi nyuma: wewe unarudisha dakika nzima, chenyewe kinabaki palepale ulipokiacha. Katika mwingine wakati unafuata miguu yako. Ukienda kulia saa zinasonga mbele, ukienda kushoto zinarudi, na ukisimama dunia nzima inasimama kama matatu iliyoishiwa mafuta. Kwingine, ukirudisha wakati, kivuli chako kinabaki kikirudia yale uliyoyafanya awali, nawe unafanya jambo la pili ubavuni pake, mkawa watu wawili kutoka kwa mmoja. Kisha kuna pete. Ukiitua chini, kila kilicho karibu nayo kinapunguza mwendo. Kwa sheria hizo unatakiwa ukusanye vipande 60 vya picha zilizovunjwavunjwa, uziunganishe, na mpaka uzimalize zote ndipo mlango wa mwisho hufunguka.

Sasa nikueleze mchezo huo ulivyofika Gatina.

Mwaka 2010 tulikuwa watatu katika chumba kimoja cha mabati si mbali na Shule ya Msingi ya Gatina: mama, mdogo wangu aliyekuwa kidato cha tatu, na mimi niliyekuwa nimeanza masomo ya uandishi wa habari. Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba za Lavington. Mgeni asiyeijua Gatina hupata taabu kuamini kwamba kutoka kwetu hadi kwenye nyua zile za michongoma ni mwendo wa miguu tu, wala huhitaji kupanda 46. Jioni moja alirudi na kijana wa mkokoteni, na juu ya mkokoteni palikuwa na kompyuta ya mezani, nzee, ina tumbo kubwa nyuma kama runinga za zamani. Mwajiri wake alikuwa ananunua mpya. Mama aliiweka pembeni mwa kitanda, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, akatuambia hiyo ni ya masomo.

Kwa muda wa wiki mbili ilikuwa ya masomo.

Kebo ya SEACOM ilikuwa imefika Mombasa Julai 2009, na magazeti yaliandika kwamba intaneti sasa itamwagika nchini kama maji. Kwetu Kawangware maji hayo yalikuwa bado yanauzwa kwa kikombe. Uliingia saiba, ukalipia dakika zako, ukatoka. Lakini Braid ulikuwa mdogo, chini ya megabaiti 200, na mwenye saiba mmoja alikuwa ameuweka katika mashine zake. Mdogo wangu akamwomba, akaubeba kwa flashi ndani ya soksi asinyang'anywe njiani. Ndivyo ulivyotufikia. Nakala ile ilikuwa ya wizi, msomaji, na sitaitafutia jina la kuipamba. Tuliojua mchezo huo mtaani sote tuliupata kwa njia hiyo, na hata senti moja haikumfikia aliyeutunga.

Wenzake mdogo wangu walikuwa katika vibanda vya PlayStation, sarafu ya shilingi kumi kwa mechi, wakipiga kelele za mabao. Sisi wawili tulikaa kitandani tukibishana kwa kunong'ona, mama amelala, juu ya ngazi moja, ufunguo mmoja na mlango mmoja. Kitendawili kimoja kilitukalisha siku nne. Siku ya tano nilikuwa ndani ya matatu, tumefika Hurlingham, nikapiga kelele "Kivuli!" na kondakta akadhani nashuka.

Kufikia mwisho wa muhula wa pili tulikuwa na vipande 58. Vilibaki viwili, vyote katika ulimwengu wa pete.

Kisha yule mwenye saiba akatutia wazimu mwingine. Alituambia kwamba mchezo una nyota zilizofichwa, na mojawapo haipatikani ila kwa kungoja. Unapanda juu ya wingu linaloelea polepole mno, kiasi kwamba ukilitazama hulioni likisogea, na inachukua muda unaokaribia saa mbili kulifikisha mahali pake. Tulidhani anatutania. Tukajaribu Jumamosi moja alasiri, mama yuko kazini. Tulikaa. Tukapika chai tukanywa. Mdogo wangu akaenda kuteka maji akarudi, wingu limesonga upana wa kidole. Saa moja ikapita, na nusu nyingine. Lilikuwa limebakisha kidogo tu, twaiona shabaha yenyewe, stima ikapotea.

Hilo si ajabu mtaani kwetu. Ajabu ni ilivyorudi. Ilirudi kwa kishindo, balbu ikawaka nyeupe kama radi, na nyuma ya kompyuta ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki. Mama alitukuta tumekaa kimya mbele ya maiti.

"Mlikuwa mnafanya nini?" akauliza.

"Tulikuwa tunangoja," akasema mdogo wangu.

"Mnangoja nini?"

"Wingu."

Nilidhani angetuchapa, hata kwa umri ule. Mama alikaa kitandani akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Lakini kompyuta haikufufuka, na vipande 58 vilikufa nayo. Mdogo wangu alimaliza shule, akafanya vibarua vya mjengo, na mwaka 2017 akaenda Doha, ambako huendesha mashine ya kuinua mizigo katika bohari. Hurudi nyumbani kila baada ya miaka miwili. Mwisho wa Braid hatukuuona. Na kwa miaka 14 nilikataa kusimuliwa. Mwenzangu mmoja wa kazini alipoanza kunieleza, niliziba masikio nikatoka chumba cha habari, mhariri akaniuliza kama ninaumwa.

Deni lile lilikuwa likinisuta vilevile. Desemba ya mwaka huo huo wa 2010 mchezo huo uliwekwa katika fungu moja na mingine minne, Humble Indie Bundle 2, ambapo mnunuzi alijitajia bei apendayo. Ningeweza kutoa hata dola moja nikawa mtu mwaminifu. Lakini kwa kadi gani? M-Pesa tulikuwa nayo tangu Machi 2007, ila ilikuwa ya kutuma kijijini na kulipia hapa na pale. Haikuvuka bahari hadi duka la Marekani. Najua huo ni udhuru, na wapo walioweza. Naueleza tu ulivyokuwa.

Habari za toleo jipya zilitangazwa Agosti 2020, wakati wa corona, tulipokuwa na kafyu na barakoa. Sikuzipata kwa wenzangu waandishi. Nilizipata saa nane za usiku, simu ikilia chini ya mto, sauti iliyorekodiwa kutoka Doha, mtu mzima wa miaka 27 akipiga mayowe kama mtoto aliyeletewa viatu vya Krismasi: "Dada! Wingu limerudi!"

Halikurudi upesi. Liliahidiwa mapema mwaka 2021. Mwaka huo ukapita. Ukapita na wa 2022, na wa 2023. Ikatajwa tarehe 30 Aprili 2024, ikasogezwa tena wiki mbili. Unaona? Ukiwa umengoja wingu kitandani Gatina, wiki mbili si kitu.

Basi tukapatana. Tutanunua nakala mbili, yangu na yake, kila mmoja kwa fedha zake, na hakuna atakayegusa ulimwengu wa pete bila mwenzake. Bei ilikuwa dola 19.99, sawa na shilingi 2,600 hivi kwa wakati huo. Kwa nyumba yangu hizo si fedha za kuchezea, na nilizitenga kidogo kidogo ndani ya kopo, pamoja na zile za viatu vya shule. Tangu Juni 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa isiyoshikika, iliyo ndani ya simu tu, na kwa kadi hiyo nililipa nikiwa nimekaa palepale tulipokaa mwaka 2010, mtaa ule ule, ingawa sasa ni ghorofani na ukuta ni wa mawe. Ujumbe wa kuthibitisha malipo ulipoingia nilihisi kama mtu aliyerudisha sufuria ya jirani baada ya miaka 14.

Je, mchezo wenyewe umefanywa nini? Hapa ndipo mashabiki tunapopigana, nami nitasema la moyoni. Hellman aliirudia michoro yake, akaongeza maelezo pale ambapo mashine za zamani hazikuweza kuyabeba. Michoro ya kale ilitengenezwa kwa skrini ndogo. Ukiiweka kwenye skrini za sasa ilififia kama picha iliyopigwa nakala ya nakala. Sasa majani yana mishipa, mawingu yana tabaka, na nyumba ya Tim usiku inaonekana kama mji unaoungua polepole kwa mbali. Sauti zimefanywa upya. Na wamefanya jambo moja la hekima: kuna kitufe ambacho ukikibonyeza unarudi kwenye michoro ya 2008 papo hapo, ukibonyeza tena unarejea kwenye mipya, bila kuukatiza mchezo. Jioni ya kwanza nilikibonyeza zaidi ya nilivyocheza. Mipya ni mizuri zaidi, sikatai. Ila mara mbili au tatu nilijikuta naiacha ya zamani, kwa vile ukungu ule wa rangi ndio nilioujua, na pengine pia kwa vile kompyuta yetu iliyokufa haikuwahi kuonyesha kitu kingine.

Vitendawili vya awali havikuguswa, na hilo nalishukuru. Kuna vipya vimeongezwa kando. Kuna na mazungumzo ya watunzi wenyewe, zaidi ya saa 15, unatembea ndani ya mchezo ukiwasikiliza wakieleza kwa nini jiwe hili liliwekwa hapa na wimbo ule ukachaguliwa. Ya michoro na muziki yalinifaa sana. Mwanafunzi yeyote wa sanaa angepaswa kuyasikia. Yale ya programu yalinilaza usingizi. Lakini mwenzako ukimpenda utamsikiliza hata akieleza jinsi anavyokunja shati.

Nilianza upya kutoka kipande cha kwanza. Iliniwia wiki tatu, Jumamosi na usiku. Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, alisogea kidogo kidogo kila jioni hadi nikamkuta yu mapajani. Tulipofika kwenye vile vipande viwili nilimtumia mdogo wangu sauti, naye akanitumia sauti, nikaenda hivi, akasema hapana. Kipande cha kwanza alikitatua yeye akiwa kwenye basi la wafanyakazi kurudi malaloni. Kile cha pili tulikwama sote, kama tulivyokwama mwaka 2010, tena katika hatua ile ile. Siku ya tatu binti yangu akasema, "Mama, mbona huiachi pete hapo kwanza halafu uende?"

Nikamwambia tulishajaribu. Kisha nikafikiri. Hatukuwa tumejaribu. Kwa miaka 14 tulikuwa tukiibeba.

Mwisho nao nikauona. Sitausimulia, kwa sababu mimi nilihifadhiwa usinifikie na ninakudai heshima hiyo hiyo. Nitasema tu kwamba nilikaa kimya, na mdogo wangu naye, alipofika, hakutuma sauti yoyote hadi asubuhi.

Ningependa kukwambia kwamba wote waliopiga mayowe mwaka 2020 walifungua mifuko mwaka 2024. Haikuwa hivyo. Blow mwenyewe alisema hadharani mwaka huo kwamba toleo jipya limeuzwa vibaya. Wapo waliosema bei ni kubwa kwa mchezo walio nao tayari, na wapo waliosema wakati umewapita. Siwahukumu, mimi niliyeupata ndani ya soksi. Lakini fikiria watu waliokaa miaka wakipaka rangi upya kila jani, kisha duka likawa kimya.

Tena huo ni mchezo uliobahatika. Julai 2023 shirika la Marekani liitwalo Video Game History Foundation lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. Marekani hiyo, yenye makumbusho na mawakili. Sembuse sisi!

Mwaka 2007 kijana Mkenya, Wesley Kirinya, alitunga The Adventures of Nyangi, mchezo wa msichana anayesaka hazina za kale za Kiafrika, na ulikuwa miongoni mwa michezo ya kwanza ya aina hiyo kutungwa hapa nchini. Baadaye kampuni ya Planet Rackus ya hapa Nairobi ikatoa Ma3 Racer, wa kuendesha matatu barabarani, uliochezwa kwenye simu za Nokia. Mwaka 2015 ukaja Nairobi X wa Black Division Games, ambamo viumbe kutoka sayari nyingine wanaivamia Nairobi na wewe ndiwe unayetakiwa kuwafukuza. Ma3 Racer niliucheza mwenyewe nikiwa nimeketi ndani ya matatu, mchezo wa matatu ndani ya matatu, na dereva wa kwenye simu alikuwa na adabu kuliko yule wa mbele yangu. Simu ile iliharibika. Duka la Nokia nalo likafungwa mwaka 2015 na wateja wakahamishiwa kwingine. Nyangi nimemtafuta kwa marafiki na kwa mafundi wa kompyuta wa katikati ya jiji, sijampata. Ikiwa wewe unayesoma ukurasa huu una sahani yake mahali, ndani ya kabati, chini ya vitabu vya chuo, usiitupe wakati wa kuhama nyumba. Inawezekana iliyo mikononi mwako ni kati ya chache zilizobaki, na mtu hawezi kusafisha upya kisichokuwepo.

Mzazi mwenzangu ataniuliza: michezo hii yote, si ndiyo ile inayowamaliza vijana wetu? Mimi nami naziona zile mashine za kamari zilizowekwa kwenye vibanda huku Kawangware, mtoto anatumwa unga anarudi na mikono mitupu. Hizo nazichukia, na sioni kwa nini ziitwe mchezo. Mashine ya kamari inataka usifikiri. Braid haukuruhusu usogee hatua moja bila kufikiri. Kaa na mwanao nusu saa utazame anachokicheza, utajua ni ipi.

Lililobaki ni lile wingu.

Mdogo wangu alikuja likizo Desemba hiyo ya 2024. Aliteremka uwanja wa ndege na masanduku mawili, la pili limejaa sabuni na manukato ya mama. Mama sasa hafui nguo za watu, magoti yamekataa. Siku ya pili baada ya Krismasi, baada ya pilau, tukaiwasha kompyuta. Tukaichomeka kwenye betri ya akiba niliyonunua kwa ajili ya siku hiyo, nikasogeza meza mbali na mlango watoto wasipige teke waya. Mdogo wangu akampandisha Tim juu ya wingu, akaondoa mikono kwenye kibodi kama mtu aliyetua glasi iliyojaa hadi ukingoni.

"Ndilo lile?" akauliza mama.

"Ndilo lile."

Akavuta kiti. Tulikunywa chai. Jirani wa chumvi alikuja akakaa, akauliza tunatazama filamu gani mbona haina watu wanaosema, akaelezwa, akakaa zaidi. Stima ilipotea dakika ya arobaini na hakuna aliyepumua, lakini betri ikashika. Ikarudi. Binti yangu alilala, akaamka, akauliza kama limefika, akalala tena. Mama alisinzia, kidevu kifuani. Ilipokaribia saa mbili mdogo wangu alinigusa bega. Wingu lilikuwa chini ya shabaha yake kabisa. Alipeleka kidole kwenye kibodi, kinatetemeka, naapa kilikuwa kinatetemeka.

Hapo mama akafumbua macho.

"Limeshafika?" akasema. "Nilikuwa nimelala. Hebu lirudisheni nilione likija."